Tumbo la Ukuta wa Kusini

Saruji ile niliileta mimi. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta mchawi mahali pengine.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka ishirini na sita, watoto watatu, na mgongo uliokwisha kuzeeka kabla yangu. Mimi na marehemu mume wangu Eliseo tulikuwa zamu ya kutunza kanisa, maana hapa kijijini Tres Piñones kila mwaka mke na mume mmoja hukabidhiwa funguo, mishumaa na lawama zote. Kanisa letu la Mtakatifu Priska lilijengwa mwaka 1764, enzi za Wahispania, kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Ni miongoni mwa majengo makongwe kabisa yaliyobaki New Mexico. Watu wa bonde la pili wakikwambia la kwao ni kongwe zaidi, waambie walete karatasi.

Sasa udongo una masharti yake. Kila mwaka theluji na mvua zinauramba ukuta, na kila mwaka lazima uukandike upya. Wanaume wanachanganya udongo, mchanga na mabua ya ngano. Wanawake ndio wanaokandika, kwa viganja vitupu. Mwanamume hagusi ukuta. Usiniulize kwa nini, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Kazi inachukua wiki mbili, na ukirudi nyumbani unapika, unafua, unanyonyesha, na kucha huna.

Basi siku ya mkutano nilisimama nikasema tuupige ukuta lipu ya saruji mara moja, tupumzike milele. Vijiji vingi vilikuwa vimeshafanya hivyo, na makanisa yao yaling'aa.

Bibi Celedonia Maes, mkuu wa wakandikaji, alikuwa ameketi mbele. Hakupandisha sauti. "Udongo unapumua, mwanangu," alisema. "Ukiuziba mdomo, utapumulia wapi?"

Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamjibu, "Kama unaupenda hivyo, endelea kuupaka peke yako."

Watu walicheka. Kura zikapigwa, saruji ikashinda. Bibi Celedonia aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo na hakunisalimu hata siku moja. Nilimzika bila kumwomba radhi. Majuto ni mjukuu, na wangu amekaa nami mpaka amekuwa mtu mzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ukuta mzima na ufa ukaja vilevile. Mwaka huu, mwezi wa pili, ukuta wa kusini uliota tumbo. Halikuwa dogo, lilikuwa tumbo la mimba ya miezi minane, usawa wa kifua cha mtu, na ufa umeshuka katikati yake. Padri aliliona Jumapili moja, Jumapili iliyofuata akafunga mlango na kutundika kibao: hakuna kuingia.

Ofisi ya askofu ikamleta mhandisi kutoka Albuquerque, Denise, msichana mrefu mwenye sauti ya upole na viatu vikubwa. Alizunguka kanisa zima akipiga mstari wa chaki usawa wa kiuno. Akatukusanya.

"Maji yanapanda kutoka ardhini," alisema. "Zamani yalikuwa yanatoka ukutani na kukauka. Saruji imeyafungia ndani, na udongo ukilowa sana unakuwa uji. Tutabandua saruji tuone. Uji ukiwa chini ya mstari huu, tunakata sehemu mbovu na kuweka matofali mapya. Ukipita mstari, boriti za paa hazina pa kuegemea."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu linabomolewa, mama. Pole."

Watu wote walitazama chini. Hakuna aliyenitazama mimi, na hilo liliniuma kuliko kutazamwa.

Fikiria hali yangu basi. Nilibatizwa mle ndani, nikaolewa mle, na Eliseo alitolewa mle kwenda makaburini. Watu waliojenga jengo lile hawakujua kama kutakuwa na nchi inayoitwa Marekani. Limestahimili vita, ukame na mapadri wa kila namna, kisha nije mimi, Librada Quintana niliyechoka kufua, niliue kwa mifuko ya saruji. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Jumamosi ya kwanza ya Mei tukabandua. Nilipeleka sufuria la maharage na pilipili za kijani kwa wafanyakazi, mimi mwenyewe sikuweza kumeza hata kijiko. Mpwa wangu Onesimo ndiye aliyeshika mtalimbo.

"Shangazi, rudi nyuma," alisema. "Ukuta ukikuangukia leo, kesho tutakula nini?"

"Utajipikia, mvivu wewe. Gonga."

Alianza kona ya kaskazini. Saruji ilitoka pamoja na waya wa mabanda ya kuku tulioutundika zamani ili ishike, na nyuma yake udongo ukamwagika mweusi, umelowa, unanuka kisima. Denise akapiga goti, akachomeka fimbo yake ya chuma, ikazama kama kwenye uji kweli. Akapanda nayo kidogo kidogo mpaka ikagoma.

"Usawa wa goti," alisema.

Mahali pa pili, karibu na mlango, goti na kidogo. Mahali pa tatu, nyuma ya altare, fimbo ilizama, ikazama, ikazama. Ilipogoma, vilikuwa vimebaki vidole vinne kufika kwenye chaki. Denise aliandika kwenye daftari lake.

Likabaki tumbo. Kila mtu alijua kwamba mambo yote yako kwenye tumbo, kwa sababu ukuta ukivimba juu kiasi kile maana yake umeoza mpaka kifuani.

Erlinda, binti wa Bibi Celedonia, alikuja kusimama kando yangu. Yeye ndiye mkuu wa wakandikaji wa sasa, ingawa kwa miaka yote hii wamekuwa hawana cha kukandika ila matanuri ya mkate na mabanda ya kuku. Ni mtu wa maneno machache, na kwangu mimi alikuwa na machache zaidi.

Nikaona kama sitasema sasa sitasema tena. "Erlinda, likibomolewa, ni mimi niliyelibomoa."

"Najua ni wewe," alisema. "Kijiji kizima kinajua ni wewe. Ulidhani tunamshuku nani, Papa?"

"Nilimkosea mama yako."

"Ulimkosea. Sasa nyamaza tuone."

Onesimo akachomeka mtalimbo kwenye ufa, akaegemea. Hakuna kitu. Akaegemea tena, na Denise akapiga kelele, "Toka hapo," na Onesimo akaruka pembeni. Pande zima la saruji, pana kama mlango wa gereji, lilijikunja likaanguka chini kwa kishindo. Nyuma yake likamwagika rundo la udongo. Vumbi likatufunika. Nilifumba macho na sikutaka kuyafumbua.

Nilisikia mtu anakohoa. Kisha nikamsikia Onesimo akisema polepole, "Hebu njooni muone."

Rundo lile lilikuwa kavu. Vumbi tupu, laini kama unga. Na nyuma yake ukuta ulikuwa umesimama, rangi ya mkate uliookwa, umenyooka toka chini mpaka juu. Denise aliweka kiganja chake pale, akakiacha muda mrefu. Akachomeka fimbo usawa wa kifua. Ikagonga, ikarudi. Akajaribu kiunoni. Ikagonga, ikarudi. Akashuka hadi kifundo cha mguu ndipo ikazama kidogo.

"Mkavu," alisema, na nikaona kumbe na yeye alikuwa anaogopa. "Saruji haikushika upande huu hata siku moja. Ilijitenga na udongo, pakawa na nafasi, hewa ikapita. Vumbi likawa linadondoka humo katikati miaka yote na kuisukuma nje. Kilichovimba ni saruji yenu. Ukuta hauna neno."

"Kwa hiyo?" nikauliza. Nilitaka alitamke.

"Kwa hiyo linabaki, mama. Zile sehemu tatu tutazikata na kuzijenga upya. Kanisa linabaki."

Nilikaa palepale kwenye vumbi na sketi yangu nzuri, nikacheka, nikalia, nikacheka tena, na wala sikuona haya. Onesimo alisema shangazi amerukwa na akili, mtu amletee maji. Mzigo wa miaka hamsini na miwili ulinitoka kifuani mara moja, nikajisikia njaa, njaa ya kweli, na sufuria lilikuwa limekwisha kumalizwa na wale walafi.

Denise alisema saruji yote lazima itoke, na kwamba kuanzia sasa itabidi tukandike kila mwaka, hakuna njia ya mkato. Erlinda akanitazama pale chini nilipokaa.

"Umesikia? Likizo yako imekwisha."

"Nina miaka sabini na minane, Erlinda."

"Basi utaanza chini, karibu na ardhi, wanapoanza watoto. Huko hakuna kupanda ngazi."

"Na mama yako? Unadhani angenisamehe?"

Hakuwa mtu wa kusema uongo ili kukufurahisha. "Mama, hapana," alisema. "Lakini angekupa ndoo ya udongo." Akanipa mkono, akanivuta nikasimama.

Matofali mapya yaliwekwa mwezi wa sita. Wiki mbili tulikandika, wanawake kumi na tisa, na niliyeharibu zaidi nilikuwa mimi. Erlinda alinirudisha mara nne kwenye kipande kilekile, bila huruma. Siku tuliyomaliza, padri aliteremsha kibao mlangoni mwenyewe.

Jumapili ile nilikaa benchi la kusini, bega likiwa karibu kabisa na ukuta. Palikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya udongo mbichi. Nilikusudia kusali sala ndefu ya shukrani. Erlinda aliniambia baadaye kwamba nilisinzia kabla ya Injili, nikakoroma mpaka komunyo, na kwamba Onesimo alipotaka kuniamsha yeye alimshika mkono akamwambia aniache nilale.