Kifuniko Kisicho na Msumari

Mdomo wa Kokuberwa ndio uliomponza. Juzi, jirani yake mzee Gregori alipofariki, ni yeye aliyesema mbele ya watu, "Msiba uwe kwangu, mie nina uwanja." Angesemaje vingine? Kwa marehemu hapatoshi hata kutandika mikeka miwili.

Sasa ni saa tisa kasoro, turubai limefungwa, masufuria yanachemka, na katikati ya ua liko shimo lake lenye kipimo cha sumaku. Miaka mitatu anawinda kitu kimoja: mawimbi yanayozuka huko juu, ukingoni mwa ngao ya sumaku ya dunia, upepo wa jua unapoipiga na kuivuruga. Mtikisiko wake hufika mpaka hapa Mbweni, ila ni mdogo mno. Chuma kikitulia hakina neno. Kikisogea karibu, kazi imeharibika. Ndiyo maana Gregori, mchongaji, alimtengenezea kifuniko cha shimo cha mbao tupu, cha kufunua na kufunika, kisicho na msumari hata mmoja. Kila asubuhi alikuwa akiuliza, "Mwanangu, wimbi limefika?" Wapi! Chuo nacho kimechoka. Kesho wanakuja kukichukua kipimo chao.

Na leo, katika siku zote, jua limechafuka, upepo wake unavuma kwa nguvu.

Aliwaomba akina mama wasiguse masufuria. Walimtazama weee, wakadhani uchungu umempanda kichwani, lakini wakatulia. Saa tisa na dakika nane mstari kwenye kompyuta ukapanda polepole, ukashuka, ukapanda tena. Mawimbi yenyewe! Yangeendelea nusu saa tu, hakuna ambaye angembishia.

Honi ikalia. Gari la maiti lilikuwa nje ya geti la chuma.

Alikimbia, akaling'ang'ania komeo. "Jamani, nusu saa tu! Nawaomba!" Alilia bila aibu. Watu wakaguna, huyu dada ana akili timamu kweli?

Mauwa, mjane wa Gregori, aliteremka garini, akamshika mkono kupitia nondo za geti. "Limefika, eeh?"

"Limefika, mama."

"Afadhali." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ila mwenzio kalala kwenye friji siku mbili, mwanangu. Mwache aingie."

Kokuberwa alivuta komeo. Geti likakwaruza, gari likapita kando ya shimo, na kwenye kompyuta mstari ukaruka ukatoka nje ya kioo. Hakugeuka kuangalia.

Jeneza liliposhushwa, aliinama akaweka mdomo kwenye ubao. "Lilifika, mzee," alisema. Kisha akaangua kilio, na safari hii hakuna aliyeshangaa analilia nini.