Gari Lililofundishwa Kuugua

Sulait alikuwa dereva hodari na mwoga wa kupindukia, na yeye mwenyewe hakuona aibu kulisema hilo. Aliendesha malori ya kahawa kwa miaka mingi, mpaka siku aliposimamishwa na watu wenye bunduki kwenye barabara ya Masaka, wakamwacha vichakani bila lori na bila viatu. Tangu hapo alikaa Kakoba, mjini Mbarara, akipima chumvi na mafuta ya taa katika duka la mkewe, Madinah. Akisikia injini kubwa ikipita nje, aliacha kupima mpaka ipotee.

Madinah ndiye aliyetaka gari. Mwaka huo wa 1985 malori yalikuwa yameacha kwenda Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi wa Rwanda. Maharagwe yaliwaozea wakulima kule, na huku mjini watu wakayatafuta kama dawa. Madinah alisema mwenye gari la kupita matopeni atalisha nyumba yake bila kumwomba mtu. Sulait alisema mwenye gari atazikwa nalo. Mabishano yaliendelea wiki nzima, na mwisho wake Madinah akauza ng'ombe alioachiwa na baba yake, akamvuta mumewe mpaka Ruharo kwa Mzee Kezironi, bwana mifugo mstaafu, aliyekuwa na Landrova nyuma ya nyumba.

Waliikuta imefunikwa majani makavu ya migomba, kuku wakitaga kwenye viti. Madinah aliyatazama matairi. Sulait alijilaza chali, akaingia chini yake na nyundo. Alijua bati la Landrova haliozi. Kinachooza ni mifupa ya chini. Alikwenda akigonga taratibu, na chuma kikamjibu kwa sauti kavu, ila nyuma kabisa kilitoa mlio wa chungu kilichopasuka na kutu nyekundu ikammwagikia machoni. Akatoka, akachomoa kijiti cha oili: ilikuwa nyeusi, lakini haikuchanganyika na maji. Akaizungusha injini kwa mkono, ikamkatalia kwa nguvu kama inavyopasa. Moyoni alikasirika kidogo, maana alikuwa ametumaini kuikuta imekufa kabisa.

Wakati Madinah akibishana bei na mke wa mzee, Kezironi alimvuta Sulait kando.

"Mwanangu, usifikiri gari hili limepona kwa maombi yangu," alimwambia. "Limepona kwa sababu halitembei. Siku likinguruma, kila mwenye bunduki atalisikia."

Sulait aligeuka amwambie mkewe waondoke. Akamkuta tayari amekwisha kukabidhi fedha na anawafukuza kuku.

Landrova ilivutwa na ng'ombe wa kuazima mpaka Kakoba, kwenye uwanja wa fundi aliyeitwa Ignatius. Vipuri vipya havikuwepo, na kama vingekuwepo wasingeviweza. Ignatius alikata kipande cha chuma kutoka lori lililoungua, akakichomelea pale palipooza. Gasketi aliikata kwa mkasi kutoka boksi la sabuni, na sabuni yenyewe wakaisugua kwenye tangi la petroli palipokuwa panavuja, ikaziba. Springi iliyokatika ilifungwa kwa mipira ya baiskeli mpaka ipatikane nyingine. Ignatius alipotaka kuweka mipira ya kubuni kwenye breki, Sulait alikataa katakata. Alisema kila kitu kwenye gari kinaweza kudanganywa isipokuwa breki. Madinah akauza cherehani yake, wakanunua mipira halisi.

Gari liliponguruma mara ya kwanza, majirani walitoka kutazama, na Sulait akalizima haraka. Jioni hiyo hiyo akaanza kulifundisha kuugua. Hakuruhusu lipakwe rangi. Taa moja aliiacha imevunjika. Kila waliporudi kutoka Nakivale na Rugaaga na magunia, alilisogeza nyuma ya duka, akang'oa gurudumu moja, akaliegemeza kwenye mawe na kumwaga oili chafu chini yake ili lionekane linavuja. Kisha alifungua kifuniko cha moto wa plagi, akachomoa rota, kidude kisichozidi kidole gumba, ambacho bila hicho injini haiwaki hata uisukume mpaka Kabale. Rota hiyo aliilaza ndani ya gunia la chumvi. Magari ya watu yakachukuliwa na askari pale Kakoba, moja baada ya jingine. La kwao likabaki, na watu walimpa pole.

Mwezi wa tisa vita vilifika, nao wakawapeleka watoto wao, Hajara na wadogo zake, kwa ndugu kijijini. Wapiganaji waliotoka msituni waliuzingira mji, na askari wa serikali wakajifungia kambini, wakitoka kutafuta chakula na magari. Barabara ya kwenda Nakivale ilikuwa na vizuizi viwili sasa, cha hawa na cha wale. Sulait alisema hatoki tena. Lakini duka lilikuwa tupu, ikabidi aende mara moja, na asubuhi aliporudi, kabla hajamaliza kunawa mikono, askari watatu waliingia uani.

Mmoja wao alikuwa fundi wa magari ya kambi, Koplo Olanya, mtu mrefu mwenye macho ya usingizi. Wenzake waliibeua Landrova na tairi lake lililong'olewa. Yeye aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Injini ilikuwa bado ya moto.

Olanya alifungua boneti, akainama, akafungua kile kifuniko cha moto.

"Rota iko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ilivunjika, afande. Zamani."

Koplo alimtazama vidole, vilivyokuwa vyeusi kwa oili mbichi. Kisha alifunga boneti na kuwaambia wenzake, "Hii iko maiti. Twende."

Walipoondoka, Madinah alimshukuru Mungu. Sulait hakushukuru. Mtu aliyejua na akanyamaza alimtisha kuliko ambaye angelichukua gari pale pale, kwa sababu huyo angekuwa amemaliza. Hakula siku hiyo wala iliyofuata. Kila hatua za viatu zikipita nje, aliona ndiyo saa yenyewe.

Olanya alirudi mchana mmoja watu wakiwa sokoni, bila bunduki, amevaa shati la kiraia lililombana. Aliomba maji. Alipomaliza kunywa alieleza shida yake polepole, kwa kile Kiswahili cha kambini. Mkewe, Goreti, alikuwa binti wa wakimbizi wa Nakivale. Alipoolewa na askari, ndugu zake walimsusa, isipokuwa mama yake. Sasa kambini chakula kilikuwa kimekwisha, mabomu yanaanguka, na baadhi ya askari wenzake walikuwa wameanza kusema Wanyarwanda wote ni wapelelezi wa adui. Alitaka Goreti na watoto wao wawili wapelekwe kwa bibi yao.

"Mimi najua gari yako iko mzima," alisema. "Sikusema kwa mtu. Hata ukikataa, sitasema. Lakini naomba, mzee."

Maneno hayo ya mwisho hayakumtuliza Sulait hata kidogo. Akikubali, askari kwenye kizuizi cha kwanza wangeweza kumpiga risasi kwa kutorosha familia ya kambini. Wakivuka, wapiganaji wa kizuizi cha pili wangeweza kumpiga kwa kubeba familia ya adui. Akikataa, ni nani angemhakikishia kwamba mtu aliyekata tamaa hushika neno lake? Alimtazama Madinah amwokoe. Madinah alikuwa anatazama gunia la chumvi.

"Baba Hajara," mkewe alisema, "watoto hao wana tofauti gani na wetu?"

Sulait aliinuka. Alikwenda kuchukua rota.

Goreti alifika kesho yake alfajiri, amejifunika khanga ya Madinah, akaketi nyuma kati ya magunia matupu na binti mdogo mgongoni. Mkononi alimshika mwanawe wa kiume, Paulo, mtoto wa miaka minne aliyezaliwa kambini na ambaye hakujua lugha nyingine zaidi ya Kiswahili cha askari. Madinah alipanda mbele. Sulait alipomwambia abaki, alijibu kwamba mwanaume aliye peke yake na mke wa mtu ndiye atakayeulizwa zaidi.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari alikuwa ana njaa na uchovu. Madinah alimweleza kwamba wanampeleka ndugu yao kwenye msiba, akampa pakiti ya chumvi na sigara. Askari akapiga bati kwa kiganja, wakapita. Sulait aligundua mguu wake unatetemeka juu ya klachi kiasi kwamba gari linarukaruka kama mbuzi.

Walipita Kaberebere, maduka yote yamefungwa. Mbele kidogo, kwenye kona yenye mwinuko, gogo lilikuwa limelazwa barabarani na vijana wenye bunduki wakatoka migombani. Sulait alikanyaga breki, zikashika vizuri, na wakati huo huo injini ikakohoa mara mbili na kuzimika. Akajaribu tena, ikakataa. Miezi yote hiyo alikuwa amelifanya liugue kwa uongo, na sasa liliugua kweli.

Kiongozi wao alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu. Aliwaambia wote washuke. Alisikiliza habari ya msiba kwa makini, akaelekea kuiamini. Hapo Paulo, aliyekuwa amesimama kando ya mama yake, alimwona mtu mwenye bunduki amesimama mbele yake, akafanya alivyozoea. Alibana visigino, akakaza kifua, akapiga saluti.

Vijana walicheka, lakini kiongozi hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu," alisema Paulo kwa furaha.

Saa hiyo Sulait aliikumbuka mpaka uzeeni. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye rejeta. Kiongozi aliinuka, akamgeukia Goreti, na Goreti akaivua khanga kichwani.

"Ni kweli, baba yao ni askari wa kambini," alisema. "Mama yangu yuko Nakivale. Nimechoka kudanganya. Lakini hawa waliotubeba, waacheni."

Kiongozi alimsogelea Sulait, akamwuliza kama alijua amembeba nani. Sulait aliona mlango umefunguliwa mbele yake. Neno moja tu lilihitajika: hapana. Lingewatoa yeye na Madinah pale, na mwanamke yule mwenyewe alikuwa amekwisha kulitayarisha. Alifumbua kinywa ili aliseme.

"Nilijua," alisema.

Hata yeye alishangaa. Mkojo ulimtoka, ukashuka mguuni, na hakuwa na namna ya kuuficha. Kiongozi aliuona, akatazama pembeni kama mtu aliyeona uchi wa mkubwa wake. Alikwenda kando kuzungumza na wenzake kwa Kinyankore. Mmoja alikuwa mkali, akimnyooshea Goreti kidole. Mazungumzo yalichukua muda mrefu, na Madinah muda wote huo alikuwa akisoma dua midomo ikicheza bila sauti.

Kiongozi aliporudi alitoa uamuzi. Mwanamke na watoto wake wangekwenda kwa mama yake. Landrova ingekuwa ya wapiganaji kuanzia saa hiyo. "Kama haiwaki," aliongeza, "mtatembea kwa miguu, na sitawajibikia mtakaokutana nao mbele."

Sulait alielewa: ikiwaka, ingewafikisha Nakivale kwanza ndipo ichukuliwe. Alifungua boneti. Petroli haikuwa inafika kwenye kabureta. Akafungua bomba lake, akaweka mdomo, akapuliza kuelekea tangini mpaka kitu kikapasuka ndani na mapovu yakasikika. Ilikuwa ni ile sabuni, imemeng'enyuka na kuziba njia. Akatema petroli, akafunga bomba, injini ikawaka.

Mpiganaji mmoja aliketi mbele na bunduki magotini, nao wakaenda mpaka ziwa la Nakivale likaonekana kati ya vilima. Mama yake Goreti alikuwa shambani. Aliliona gari, akamwona mtu mwenye bunduki, akaanza kukimbia kwenda mbali. Ilibidi Goreti amwite kwa jina lake la utotoni mara kadhaa ndipo akasimama. Kisha alirudi akitembea, akamchukua yule binti mgongoni mwa mwanawe, akaingia naye ndani.

Mpiganaji alishika usukani. Sulait alimweleza springi ipi ni dhaifu na namna ya kuingiza gia ya pili bila kuipigia kelele, kisha akalitazama gari likipotea kwenye vumbi. Yeye na Madinah walikaa pale Nakivale mpaka kambi ya Mbarara ilipoanguka, wakilala kwenye nyumba ya mama Goreti na kumsaidia kuvuna.

Waliporudi Kakoba walikuta duka limevunjwa, likabaki na rafu tu. Landrova hawakuiona tena. Madinah alianza kuuza maandazi, Sulait akamsaidia Ignatius kutengeneza magari ya wengine.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeanza Koplo Olanya aliposimama kwenye uwanja wa Ignatius. Alikuwa amekonda, amevaa sare mpya ya jeshi la wapiganaji walioshinda, lililowapokea baadhi ya mateka wa kambi. Sulait aliiona sare kabla ya uso, na nyundo ikamwanguka mkononi. Olanya aliuliza kama mkewe alifika. Sulait alimwambia walifika wote, na kwamba Paulo sasa anajua Kinyarwanda. Yule mtu mrefu alikaa chini palepale kwenye oili, akafunika uso.

Alipoinuka aliuliza njia ya Nakivale. Alisema anaogopa. Hakujua ndugu za mkewe watampokeaje na sare hiyo, wala kama mtoto atamkumbuka. Sulait alinawa mikono kwa maji na mchanga, akaazima baiskeli mbili za jirani, akamwambia Ignatius hatarudi leo.

Wakaondoka pamoja kuelekea Kaberebere, Sulait akitangulia. Kila walipofikia kona, alipunguza mwendo, akachungulia kama kuna gogo barabarani.