Nani Apime Ng'ombe wa Papa Alphonse

Katika Kalemie nzima, mwenye sindano ya kupimia kifua kikuu cha ng'ombe ni mimi peke yangu, na wiki ile nilitamani nisiwe. Watu wa hospitali walisema ng'ombe si wagonjwa wao. Wafugaji walisema watajipimia wenyewe, yaani fisi apewe bucha. Nilimweleza mkuu wa biro yetu ya mifugo, Papa Josias, kwamba zizi la kwanza kwenye orodha ni la baba mkwe wangu, Papa Alphonse. Alicheka.

« Symphorien, mutu mwingine njo nani? Weye njo serikali. »

Serikali gani isiyothubutu kumwambia mkwe wake hapana? Basi nilikwenda, nikawachoma ng'ombe sita sindano shingoni. Siku ya tatu uvimbe husomwa na yule yule aliyechoma, kwa hiyo hata kumtuma mwingine sikuweza. Nilirudi na mke wangu Micheline, mwenye mimba ya miezi mitano, aliyetaka kuwasalimu wazazi wake.

Watano walikuwa salama. Wa sita ndiye anayekamuliwa kwa ajili ya nyumba. Nilipima ngozi yake mara tatu, na mara tatu uvimbe ulikuwa ule ule, mnene, wa mwenye ugonjwa. Ng'ombe wa hivyo huchinjwa, na maziwa yake mabichi humwambukiza anayeyanywa. Ni hayo tu niliyotakiwa kusema, na nikaogopa.

Papa Alphonse alitoka nyumbani na kikombe kilichojaa maziwa ya asubuhi ile. Katika ukoo wao mkwe hakatai maziwa. Akiyakataa amemkataa binti yao.

« Kunywa, mutoto wangu. Ngombe zangu ziko namna gani? »

Nikapokea kwa mikono miwili.

« Papa, ningali naangalia. »

Uongo mtupu, na nilijichukia hapo hapo. Nikabaki nimeshika kikombe, sinywi wala simwagi, nikitafuta neno lisilo tusi. Mzee akaanza kukunja uso.

Micheline aliuona uso wa baba yake. Sikuwa nimemwambia kitu. Alikichukua kikombe mikononi mwangu akicheka.

« Papa, mukwe wako iko na haya. »

Akakinywa chote, ili kuniokoa na aibu.

Ndipo nilipoweza kusema.

« Papa, ile ngombe iko na kifua kikuu. »

Micheline alikuwa bado anajifuta midomo.