Kijiko cha Zeituni

"Mchungaji, leo umenipaka samaki."

Jerusha alisema hivyo akiwa amepiga magoti mbele ya madhabahu, uso ameuinua, mafuta yanamteremka kwenye paji la uso. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamepotea zamani, lakini pua, ah, pua ilikuwa nzima. Ujana wake wote aliumaliza kisiwani Remba akinunua na kuuza samaki, na mtu wa Remba humdanganyi kwa harufu. Akanusa tena. "Ni mbuta. Na mafuta yenyewe si ya leo."

Kanisa likacheka. Akina mama wakajifunika midomo kwa leso, wanakwaya wakainamisha vichwa. Mchungaji Nyabuto akanusa vidole vyake, akainusa na ile chupa, akaifunga pole pole. Halafu shingo zikaanza kugeuka, moja baada ya nyingine, kuelekea kiti cha nyuma alikokaa Edith.

Angekuwa nani tena? Edith ndiye aliyekaanga samaki pale Rusinga, karibu na daraja la kwenda Mbita. Edith huyo huyo ndiye aliyefagia kanisa, akafua vitambaa vya madhabahu, na kukaa na ufunguo wa kabati la mafuta ya upako. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaificha mikono ndani ya leso, maana mikono nayo ilinuka mbuta.

Mambo yalianzia hospitalini, Homa Bay. Mume wake, Zablon, moyo ulikuwa umemlemea. Akipanda kutoka ziwani alisimama njiani kila mara kama mtu aliyesahau kitu. Binti mmoja wa lishe aitwaye Liz akawakalisha chini awapangie chakula. Wale kama watu wa Mediterania, alisema: samaki wa kuchemsha, mboga za majani kwa wingi, maharagwe, nyama mara moja moja, na vya kukaanga wavisahau. Edith akaguna. Vya kukaanga ndivyo vilivyomsomesha binti yao Cate. Akauliza hiyo Mediterania iko wapi, na Liz, akitafuta njia rahisi, akasema ni ile bahari aliyosafiria Mtume Paulo. Kisha akataja mafuta ya zeituni.

Basi hapo Edith akaacha kusikiliza. Samaki, bahari ya Paulo, zeituni! Hiki kilikuwa chakula cha Biblia, na zeituni yeye alijua ilipo. Maishani mwake alikuwa ameona chupa moja tu, na ufunguo wa kabati lake aliufunga mwenyewe kwenye fundo la leso.

Alianza na kijiko kimoja. Asubuhi akienda kufagia alimimina kidogo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Mchana akapanga sahani: samaki ngege wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, kipande kidogo cha ugali wa mtama, na mboga chungu ya osuga bila maziwa wala mafuta ya kupikia. Juu ya mboga akakizungusha kile kijiko taratibu ili kila jani lipate. Zablon alilalamika kwamba mboga inanuka ibada, lakini alikula. Na akapata nafuu, jamani. Akawa anashuka ziwani na kurudi bila kusimama. Ungekuwa wewe, ungeacha?

Chupa ya kanisa ilipopungua, Edith alikijaza kwanza kichupa chake zeituni iliyobaki, kisha chupa akaijazia mafuta ya karai lake. Aliyaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Rangi ilifanana kabisa. Harufu hakuifikiria, kwa sababu mkaanga samaki huwa haisikii tena harufu ya samaki, nayo ikazidi kukolea wiki baada ya wiki.

Ibada ilipokwisha na watu kutoka, Mchungaji hakumgombeza. Alinyoosha mkono tu. "Dada Edith, ufunguo." Fundo la leso likakataa kufunguka, naye Mchungaji akasubiri akiangalia pembeni. Heri angemgombeza.

Zablon alikuwa upande wa wanaume na alisikia yote. Njiani alitangulia, hakugeuka. Nyumbani Edith akamwandalia kama kawaida, kwa mazoea tu, na Zablon akaisukuma sahani.

"Kwa hiyo hii nafuu yangu ni ya wizi, Mama Cate."

Edith akasema alitaka apone. Akasema hakujua zeituni nyingine.

"Yule binti wa hospitali alisema kama zeituni hakuna, njugu za kusaga zinatosha. Nilikuwa nimekaa hapo hapo na wewe."

Njugu. Gunia zima lilikuwa pembeni mwa jiko, njugu alizolima kwa jembe lake mwenyewe. Edith alilitazama, na aibu ikamjia upya, mbaya kuliko ile ya kanisani, kwani sasa alijua ameiba bure. Akamkumbuka Jerusha, Jumapili baada ya Jumapili, akipiga magoti yake yaliyovimba ili apakwe mafuta ya karai, na kuitikia amina.

Akachukua kichupa na kijiko, akaenda. Ndani ya kichupa zeituni ilikuwa imebaki kidogo, ya kujaza kijiko tu.

Jerusha alikuwa ameketi mlangoni kwake, miguu ameinyoosha juani. Edith akapiga magoti mchangani.

"Dani," akamwita, kama bibi anavyoitwa huko, na akamweleza alivyoiba mafuta ili Zablon apone, bila kujitetea. Alipomaliza alikuwa analia.

Jerusha akayapapasa magoti yake.

"Na mimi nilidhani ni imani yangu imepungua," akasema. "Nimekuwa nikitubu, mwanangu. Hata mambo ambayo sikuyafanya nimeyatubu."

Edith akafungua kichupa. Akamimina mafuta kwenye kijiko, akaomba kwa sauti ndogo ampake, ya kweli safari hii.

Jerusha akavuta harufu, akatikisa kichwa kukubali. "Zablon ulimpaka wapi?"

"Sikumpaka, Dani. Aliyala."

"Na anapanda mlima?"

"Anapanda."

Bibi akafikiri. Kisha, badala ya kuinua paji la uso, akafungua mdomo.

Edith alikuwa bado amepiga magoti. Akakishika kijiko kwa mikono miwili, ile ile inayonuka mbuta, akikisogeza pole pole, na mafuta yakatetemeka ukingoni lakini hayakumwagika.