Aliyetangulia kwa Mawakili

Asubuhi aliyokusudia kumpa mwanawe duka, Bi Pasi alivaa gauni lake la kijani, lile la kuendea harusi za watu, akajipaka manukato shingoni, kisha akamdanganya binti huyo kwamba anakwenda kuagiza sabuni. Ulikuwa uongo wa heri. Alitaka kurudi na karatasi zenye mihuri, azitandaze juu ya meza ya kupigia pasi, aseme, "Haya mama, duka lako hili," halafu akae pembeni amtazame mtoto akilia kwa furaha. Usiku kucha alikuwa amepanga hata kiti atakachokalia.

Duka lenyewe lilikuwa la dobi, mkabala na mahakama, na dobi aliyepata mahali kama hapo hana haja ya kutafuta wateja. Mawakili ni watu wa kutoka jasho. Majoho yao meusi hupauka makwapani, kola zao nyeupe hudai wanga, na hakuna anayetaka kusimama mbele ya hakimu akiwa amekunjamana. Bi Pasi aliwajua wote kwa nguo zao: nani hutafuna karanga akisubiri kesi iitwe na kuacha maganda mfukoni, nani tumbo limemtangulia akaomba kiuno cha suruali kiachiwe kimyakimya. Hilo jina la Bi Pasi walimpa wao. Walisema mstari wa suruali aliounyoosha yeye unaweza kukata mkate.

Mumewe alifariki zamani, wakati bado wanafulia uani kwa mikono. Jengo alilinunua Bi Pasi, chumba kwa chumba, na mtoto alimsomesha yeye, huyohuyo mmoja. Binti alipata kazi nzuri ya ofisi, ofisi ikafungwa, akarudi kwa mama yake kushika hesabu na simu za wateja. Mwaka uliopita alikuja tajiri mmoja wa maduka ya dawa akalitaka jengo. Binti alitaka liuzwe. Mama alikataa katakata, na kwa muda mrefu wawili hao walipitana humo dukani kama wapangaji waliogombana. Baadaye hasira zilitulia. Bi Pasi alilifikiria jambo hilo akaamua kosa ni lake: mtoto anajiona kibarua. Likiwa na jina lake, atalipenda.

Basi alianza kwa Wakili Karanga, kwa sababu ofisi yake iko karibu na kwa sababu ana mdomo mtamu. Sekretari alimkaribisha, akamuuliza anataka huduma gani.

"Kuandikisha duka kwa jina la mwanangu."

"Mwanao anaitwa nani?"

Akamtajia, tena kwa kujivuna, na jina la baba juu yake. Sekretari akaandika, akaingia ndani. Wakili mwenyewe alitoka baada ya muda. Bi Pasi alikwisha tengeneza tabasamu, lakini yule mtu hakuketi wala hakumwambia akae.

"Bi Pasi, nisamehe sana. Shauri hili siwezi kulishika."

"Shauri gani? Sina shauri na mtu mie. Natoa zawadi."

"Hata zawadi."

"Nimekukosea nini? Kola ilikosa wanga?"

"Hujanikosea kitu." Wakili Karanga alikuwa akiangalia viatu vyake. "Na sababu siwezi kuisema. Sheria ya kazi yetu hainiruhusu."

Bi Pasi alitoka akimsonya moyoni. Alijua watu wa maneno matamu wakoje; wakiona kazi ndogo wanakuwa na sheria nyingi. Akavuka barabara mpaka kwa kijana wa tai nyekundu, ambaye amefungua ofisi juzijuzi na hawezi kuchagua wateja. Huko hata ndani hakufika. Msichana wa mapokezi aliuliza majina yaleyale, akapiga simu chini chini, kisha akasema bosi yuko mahakamani. Sauti ya bosi ikicheka ilisikika nyuma ya mlango.

"Mwambie akitoka huko mahakamani aje achukue shati lake," alisema Bi Pasi, akaondoka na nyongo imempanda.

Wa tatu alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye mji mzima, pamoja na mahakimu, unamwita Shangazi. Huyu walizoeana. Walikwisha kaa pamoja misibani, wakateta wanaume na kupeana dawa za magoti. Shangazi alimlaki mlangoni kwa mikono miwili, akamvuta hadi ndani, lakini sekretari wake alipomnong'oneza jina la binti, ile mikono ilianguka.

"Usiseme neno zaidi," Shangazi alimwambia haraka. "Tafadhali, dada. Usinieleze chochote."

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia."

"Leo lazima mtaniambia mmerogwa na nani."

Shangazi alifunga mlango wa ofisi, akabaki ameshika kitasa. Alionekana kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyolowa. "Nitakwambia jambo ambalo liko wazi kwa kila mtu, hata ukiuliza pale mahakamani utaambiwa. Wakili akishasikiliza siri za mtu mmoja, haruhusiwi kumsikiliza yule wa upande wa pili. Akikukataa bila kukupa sababu, mara nyingi sababu ni hiyo. Zaidi ya hapo usiniulize, utaniponza."

"Upande wa pili wa nini? Sigombani na mtu."

Shangazi alimfungulia mlango. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo ndilo lililomtia Bi Pasi baridi. Shangazi hakulia hata alipomzika mumewe.

Alishuka ngazi akishikilia ukuta. Kichwani alikuwa akiwapanga maadui zake, na walikuwa haba: mwenye duka la jirani anayelalamikia maji machafu, mteja mmoja aliyeunguziwa blauzi. Lakini katika zile ofisi zote hakutaja jirani wala blauzi. Alitaja jina moja tu. Wazo hilo alilifukuza kama unavyomfukuza kuku jikoni, nalo likaingia tena.

Kwenye ua wa mahakama kuna benchi la msaada wa kisheria, ambapo mawakili wapya hukaa na kuwasikiliza watu bure. Bi Pasi alikuwa hajawahi kulikalia. Alizoea kuwaona wengine kutoka dirishani kwake. Sasa akajipanga foleni na gauni lake la harusi, nyuma ya wenye shida zao. Mama mmoja alielezwa jinsi ya kudai matunzo ya mtoto kutoka kwa baba aliyehama. Kijana mgeni wa nchi aliambiwa mwajiri hana ruhusa ya kumzuilia pasipoti, aende akaripoti kabla kibali chake cha ukaazi hakijaisha. Dereva aliyefukuzwa kazi aliambiwa kwamba hata mkataba wa mdomo ni mkataba, alete mashahidi. Kila mmoja aliondoka uso umefunguka kidogo. Bi Pasi aliwaonea wivu.

Binti wa benchi alikuwa mdogo, ana miwani mikubwa na daftari lililojaa. "Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba. Si shida yangu. Ni ya rafiki yangu."

"Haya, tumsikilize rafiki yako," alisema bila kucheka, maana hapo benchini hakuna anayekuja na shida yake.

"Rafiki yangu ana mali yake na ana mtoto mmoja. Je, mtoto anaweza kuichukua mali hiyo mama akiwa hai?"

"Hawezi. Mtu mzima ndiye mwenye kauli juu ya mali yake. Labda mahakama iambiwe kwamba akili za mama zimepungua, hawezi tena kujiendeshea mambo. Hapo inaweza kumteua mtu amsimamie, na mara nyingi huwa mtoto. Akishateuliwa anaweza kuomba hata ruhusa ya kuuza."

"Inaambiwa tu, inaamini?"

"Hapana. Lazima daktari aandike kwamba amempima. Halafu wanatakiwa watu wanaomwona kila siku, waeleze anasahau nini, anakosea nini."

"Daktari anapimaje akili?"

"Anauliza leo ni siku gani. Anakutajia maneno uyarudie baadaye. Wengine wanakuambia uchore saa."

Neno saa lilimgutusha Bi Pasi. Majuzi binti yake alimpeleka kupima presha. Daktari alikuwa mgeni, mpole, akamwomba achore saa. Bi Pasi alicheka akamwambia, "Daktari, presha yangu inakaa kwenye saa?" akachora kwa mzaha, mishale akaipachika popote. Binti yake alikuwa amekaa pale pale kando, na hakucheka. Akiwa nje alimnunulia mama maji baridi, akamfungulia kizibo kwa mkono wake mwenyewe.

"Na mtu kwenda kwa mawakili wote wa mji?" aliuliza. "Si mmoja anatosha?"

Binti wa benchi alivua miwani. "Mmoja anamtosha yeye. Hao wengine anawatembelea ili wasimsaidie rafiki yako. Akishawamwagia siri zake, hawawezi tena kusimama na mama. Wanasheria tunaujua mchezo huo, na ni mchezo mbaya."

"Afanye nini huyo mama?"

"Aende kupimwa na daktari wake mwenyewe, mapema. Atafute wakili mji mwingine. Asisaini chochote. Barua ya mahakama ikija asiipuuze, ana haki ya kusikilizwa na hakimu uso kwa uso. Na mama," alimshika mkono, akasahau habari ya rafiki, "usiende kugombana naye mbele ya watu. Akikuona umepandisha, atakuwa amepata ushahidi mwingine."

Bi Pasi alimshukuru. Aliahidi. Alikuwa na nia ya kutimiza, Mungu ni shahidi. Angeingia dukani, angesema sabuni imekwisha, angejifungia chumbani kwake alie. Kulia alikuwa na haki nako. Mtoto aliyembeba mgongoni huku akifua mashuka ya watu, ambaye kwa ajili yake alijinyima nguo ili apate viatu vya shule, alikuwa akizunguka mjini mlango kwa mlango akisema mama yangu amechanganyikiwa, naye jioni anamuuliza, "Mama, nikukaangie mayai?"

Dukani mlikuwa na mteja mmoja akisubiri koti, na Shemeji mbele ya pasi. Shemeji alikuwa rafiki wa marehemu mume; alianza kazi na Bi Pasi tangu enzi za kufulia uani, na utani wa ushemeji haukuwahi kukatika, hata dukani kila mtu akamwita hivyo. Siku hiyo hakumtania. Aliinamia suruali iliyokwisha nyooka zamani, akawa anairudia.

Binti alitoka nyuma ya kaunta. "Mama, ulikuwa wapi? Nimepiga simu kwa mtu wa sabuni, anasema hajakuona." Kisha akalegeza sauti, akaifanya nyepesi na ya taratibu, kama anazungumza na mtoto wa chekechea. "Ulisahau njia, mama?"

Sauti ile ndiyo iliyomshinda. Angeweza kuvumilia uongo, angeweza hata kuvumilia karatasi. Ile sauti hakuweza.

"Umekwenda kwa mawakili wangapi?" Bi Pasi aliuliza.

Pasi ilisimama. Binti alimtazama mama yake, akamtazama mteja, akarudi kwa mama yake. "Mawakili? Mimi sijakwenda kwa wakili yeyote, mama."

"Karanga. Wa tai nyekundu. Shangazi. Nani tena? Umewamaliza?"

"Mama, unatetemeka. Kaa." Akageukia upande wa pasi. "Shemeji, umesikia mwenyewe. Si ndiyo haya haya niliyokuwa nakueleza?"

Bi Pasi alimgeukia Shemeji. Alingoja atukane, acheke, aseme lolote kati ya yale mengi aliyozoea kusema. Shemeji alifuta paji la uso kwa kiganja.

"Nimesikia," alisema. Halafu akaongeza bila kumwangalia, "Niliambiwa ni kwa ajili ya matibabu yako, shemeji. Nikatia saini."

Hapo Bi Pasi alishika ukingo wa meza. Aliona kwamba kila atakalosema humo ndani lina kikapu chake tayari. Akipiga kelele ni ugonjwa, akinyamaza ni ugonjwa, akilia ni ugonjwa. Basi akachagua kusema kweli, maana ilikuwa ndiyo pekee aliyobaki nayo.

"Asubuhi sikwenda kuagiza sabuni," alimwambia mwanawe. "Nilikwenda kwa mawakili kuliandikisha duka hili jina lako. Lote, na jengo lake. Nilitaka nikufurahishe. Muulize sekretari wa Karanga."

Binti alifungua kinywa. Rangi ilimtoka, macho yakamjaa maji ghafla, na kwa kitambo alikuwa yule mtoto wake wa zamani aliyevunja sahani na kusimama katikati ya vipande. Aliamini. Mama anamjua mwanawe, na Bi Pasi aliona wazi kwamba ameamini kila neno. Alingoja. Angesema neno moja tu la kujuta, angemsamehe pale pale mbele ya koti la mteja.

Lakini mteja alikuwa akitazama, Shemeji alikwisha tia saini, na huko mahakamani karatasi zilikuwa zimeanza safari. Binti alipangusa macho. Alipozungumza, sauti ilikuwa imerudi kuwa ile ya chekechea.

"Sawa, mama," alisema. "Sawa. Njoo ukae, nikuletee maji."

Bi Pasi hakukaa. Alichukua mkoba wake, akapita katikati yao, akatoka kwenda kukata tiketi ya mji wa pili. Nyuma yake alimsikia mwanawe akimwomba mteja amwandikie jina na namba yake ya simu.