Fundi Mapipa Apewa Jezi

Mwaka 1907 Leendert Kooiman, fundi mapipa wa miaka ishirini, aliomba kujiunga na klabu ya mpira ya mabwana wa Schiedam, Uholanzi. Mji mzima ulijua hakuna mwenye shuti kali kama lake. Lakini wanachama walipiga kura kwa gololi, nyeupe kukubali, nyeusi kukataa, na nyeusi zikashinda.

"Usichukie, kijana," Bwana van Rossem, mwenyekiti, alimwambia mlangoni. "Mpira unaujua. Ila sisi tukishacheza tunakula pamoja. Utaongea nini na mawakili?"

Leendert alifika nyumbani masikio yakimwaka moto. Dada yake, Neeltje, alikuwa akimenya viazi.

"Sasa unalia nini? Karakana nzima ina miguu. Anzisheni timu yenu!"

Wakaanzisha. Walichezea malishoni, baada ya kufukuza ng'ombe na kuzoa mavi. Leendert alifunga kwa mguu wowote uliokuwa karibu na mpira. Wakapanda daraja, wakapanda tena, hadi Machi 1909 kombe la wilaya likawakutanisha na wale mabwana.

Mpaka mapumziko mafundi walikuwa wamefungwa mabao mawili.

"Rudini karakanani!" watu wa jukwaani walizomea.

"Tulieni nyie, hata jasho hatujatoka!" Neeltje akawajibu, kofia imemwenda upande.

Kipindi cha pili mvua ikamwagika, uwanja ukawa tope tupu. Mabwana waliteleza kama wako juu ya barafu. Mafundi walikuwa kwao. Leendert akafunga kwa kichwa, kisha kwa mguu wa kushoto. Dakika ya mwisho aliwapita mabeki wawili, kipa akaanguka kifudifudi, naye akausukuma mpira wavuni polepole, kama anayefunga mlango. Watu wakavamia uwanja, wakambeba na tope lake.

Wiki iliyofuata ikaja barua: ameitwa timu ya taifa, kucheza na Wabelgiji kule Antwerp. Siku hiyohiyo Bwana van Rossem alitokea karakanani, kofia mkononi.

"Kooiman, klabu yetu ingefurahi sana kukupokea."

"Asante, Bwana. Timu ninayo."

Karakana ikalipuka kwa vicheko.

Huko Antwerp Leendert alifunga bao dakika ya tisa, la kwanza kati ya manane aliyoifungia nchi yake. Neeltje alishangilia hadi sauti ikamkauka. Siku tatu nzima alinunua mkate kwa kuonyesha kidole.