Siku Moja ya Kusaga

Mume wangu alitaka siku moja tu ya kusaga. Si mwezi, si msimu, siku moja. Mimi ndiye niliyemnyima. Sikukusudia, na yeye hajawahi kunisema kwa hilo mbele ya mtu yeyote, ndiyo maana naona ni haki niseme mwenyewe.

Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka kwa miaka arobaini na minane, kwenye kibanda cha bati ubavuni mwa nyumba yetu. Injini yake ni ya dizeli, ya zamani, haina betri wala ufunguo. Unaiwasha kwa hendeli, chuma kizito kilichopinda kama kiwiko. Unaichomeka, unazungusha kwa nguvu zako zote, kisha unaichomoa upesi kabla haijarudi kukupiga. Watoto wa mtaani walimwita Babu Unga, maana nyusi zake zilikuwa nyeupe miaka mingi kabla mvi hazijamfikia. Sikio lake la kushoto liliuawa na kelele. Ukitaka kumsengenya, unakaa upande huo.

Dizeli iliadimika polepole. Kwanza foleni. Halafu mafuta yakawa yanaletwa mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi, na mwishowe pampu za kituo cha njia panda zikafunikwa magunia na mlinzi wake akapanda mchicha nyuma ya ofisi. Umeme nao ukawa wa kubahatisha. Mabasi yalipungua, na watu waliokuwa wakifanya kazi mbali walirudi nyumbani, wakaanza kuulizana majina na majirani waliokaa nao ukuta kwa ukuta miaka kumi. Redio ilisema mambo yatatengemaa.

Mjukuu wangu mkubwa ni nesi wa zahanati. Yeye alisema, "Bibi, tusingoje. Yakitengemaa, vizuri. Yasipotengemaa, tutakuwa tumeshajifunza."

Ndiye aliyeanzisha vikao vya Jumapili alasiri katika karakana ya seremala. Mwanzoni tulikuwa watu tisa na mbuzi mmoja aliyeingia kwa hiari yake. Baadaye ilibidi watu wakalie mbao. Kila kikao mtu mmoja alifundisha anachokijua. Fundi cherehani alionyesha jinsi ya kuitoa mota kwenye cherehani ya umeme na kuifunga ya kukanyaga kwa miguu. Mke wa seremala alitufundisha kuchemsha maharage robo saa tu, kisha kukitia chungu kwenye kikapu kilichojazwa matambara, yakaiva yenyewe kwa joto lake. Wanaume ambao hawajawahi kuingia jikoni walivishika vile vikapu kama wamebebeshwa mtoto wa watu.

Na mwisho wa kila kikao kulikuwa na kuweka chini. Mwenye moyo huo alisimama, akaweka juu ya meza ya seremala kitu kimoja kinachotumia umeme au mafuta, kitu ambacho yuko tayari kuishi bila hicho. Kilichowekwa chini hakirudishwi. Jumatatu asubuhi fundi baiskeli, kijana mwembamba tuliyemwita Spoki, alikichukua kwenda kukigeuza kuwa kitu cha kusaidia mtaa. Hatukupiga makofi. Mjukuu wangu alikataa, alisema mtu anayepoteza kitu hapigiwi makofi. Tulikuwa tunasema wote kwa pamoja, "Pole, na asante." Siku mke wa seremala alipoweka pasi aliyoachiwa na mama yake, neno lile la kwanza tulilisema kwa sauti ya chini kuliko la pili.

Jirani yangu mjane, tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimi, aliweka feni.

"Feni ya nini?" fundi cherehani akamtania. "Weka mdomo huo, tupate umeme wa mtaa mzima!"

"Mdomo wangu unakwenda kwa upepo," akajibu. "Hauishiwi mafuta huu."

Tulicheka sana. Lakini mimi kila nikitoka pale nilivihesabu vitu vya nyumbani kwangu. Sikuwa na cha kuweka. Sikuwa na friji, pasi yangu ni ya mkaa, taa yangu kibatari. Jumapili tano nilikaa mikono mapajani. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mke wa seremala alikuwa akiniwekea kiti chenye mgongo kila mara, na kutia mto. Hapo ndipo aibu iliponizidi, maana napokea tu.

Mashine ya mzee ilikuwa imelala wiki kumi na moja. Kila asubuhi alikwenda kibandani, akafagia, akaipangusa injini kwa kitambaa, akafunga. Nilimwona kama mtu anayekwenda kutazama kaburi. Nilimwonea huruma, nikadhani kazi imeisha na yeye anajua imeisha.

Sikujua kwamba chini ya magunia alikuwa na dumu la dizeli. Alilijaza kikombe kwa kikombe, kwa dereva wa lori aliyekuwa akipita njia panda, akimtengenezea hiki na kile. Sikujua kwamba alikuwa amekwisha wapitia wateja wake wa zamani mmoja mmoja na kuwanong'oneza: Jumamosi ya mwisho wa mwezi njooni na debe moja moja, niwasagie mara ya mwisho, kisha nizime mwenyewe kwa mkono wangu. Na mimi alitaka nishtukie tu injini inanguruma.

Basi Jumapili ile alikwenda kunyolewa. Nilishangaa kidogo, maana haikuwa zamu yake ya kunyoa. Nikaingia kibandani, nikaitoa hendeli kwenye msumari wake nyuma ya mlango, nikaiviringisha kwenye kitambaa cha meza, nikaibeba begani mpaka karakana. Ilinielemea njia nzima na nilifurahi inavyonielemea.

Nilipoiweka juu ya meza, watu waliinuka kwenye mbao kuitazama.

Seremala akauliza kwa upole, "Bibi, na mzee amekubali?"

Nikasema, "Mzee na mimi ni kitu kimoja."

"Pole, na asante," wakasema wote. Mjukuu wangu akaja kunikumbatia. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamkuta mzee amenyolewa, anang'aa, anaimba kipande cha wimbo. Nikamwambia amependeza. Juu ya hendeli sikusema neno. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Jumatano asubuhi alitoka kibandani na kopo la oili mkononi.

"Mama watoto, hendeli umeiona?"

Nilihamia upande wake wa kulia ili asiniulize mara mbili. "Nimeiweka chini kwenye kikao," nikasema. "Niliona haifanyi kazi. Niliona nawe upumzike."

"Jumapili?"

"Jumapili."

Akalitua kopo taratibu, kama lina mtoto ndani. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akanieleza yote, dumu, wateja, Jumamosi. Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe.

"Twende kwa Spoki," nikasema. "Watatuelewa. Mjukuu wako hawezi kukataa."

"Kilichowekwa chini hakirudishwi," akasema, lakini alikuwa tayari anatafuta kofia yake.

Tulimkuta Spoki amechuchumaa, uso una masizi. Mbele yake kulikuwa na kinu kidogo kilichofungwa kwenye fremu ya baiskeli, cha kusagia kwa kukanyaga. Mikono ya pedali zake ilikuwa minene kuliko ya baiskeli yoyote. Niliitambua kabla hajasema. Alikuwa ameikata hendeli vipande viwili.

Mzee alimweleza kwa maneno machache. Yule kijana alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Babu, nipige kofi," akasema. "Nakuomba."

"Kofi la nini? Ulipewa, ukafanya kazi."

"Naweza kuiunganisha. Leo hii hii. Nitaichomelea, haitaonekana."

Mzee akashika kipande kimoja, akapitisha kidole gumba mahali palipokatwa. "Hendeli yenye kiraka ikikatika wakati wa kuwasha inavunja mkono," akasema. "Nimemwona mtu. Sitaki awe mwingine, wala sitaki awe wewe." Halafu akainama kutazama kile kinu. "Mkanda huu umelegea. Na hapa umefunga kinyume, ndiyo maana kinakuwa kizito. Nipe spana."

Alikaa pale mpaka adhuhuri akikaza na kulegeza. Spoki alimshikia kila spana kwa mikono miwili.

Njiani nikamwambia, "Nigombeze. Usinyamaze hivyo."

"Ningekugombeza kama ungeiba," akasema. "Umetoa."

Tukatembea. Tulipofika kwenye lango letu akasimama, akashika komeo bila kulifungua.

"Lakini ungeniuliza," akasema.

Ni hayo tu aliyoniambia, mpaka leo.

Ijumaa alimwita mjukuu wetu. "Mchumba," kama alivyozoea kumtania, "zahanati yenu bado ina ile jenereta ya friji ya dawa?" Alipojibiwa ndiyo, akalitoa dumu chini ya magunia, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha sikia habari kwa Spoki. Alitaka kusema kitu, akaishia kusema, "Asante, babu." Alimfunga babu yake kamba za viatu kabla ya kuondoka, maana mgongo wake hauinami vizuri. Hivyo ndivyo alivyoomba msamaha, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Jumamosi asubuhi nilimwomba aende kuwaambia wateja wasije. Akasema wameshaanza safari, wengine wanatoka mbali kwa miguu. Akavaa shati lake la kitambaa kizito, lile la harusi za watu, akafungua milango yote miwili ya kibanda.

Walikuja wanane. Mwalimu mstaafu na debe begani. Mwoka mikate na bintiye. Mzee mmoja kipofu ambaye alisagiwa hapo tangu mashine ikiwa na rangi. Mama Redio alikuwa wa mwisho, jasho linamtoka, debe limejaa mpaka juu. Waliweka mizigo yao kwenye mstari kama zamani, wakaitazama injini, wakamtazama yeye.

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Kabla sijafungua mdomo, mzee alisema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia vizuri:

"Jamani, nimewasumbua. Hendeli nimeiweka chini. Mimi ndiye niliyemtuma mama watoto aipeleke, nilikuwa naona haya kusimama mbele za watu. Halafu nikasahau kwamba nimewaalika. Uzee huu!"

Watu wakacheka kidogo, wakasema pole. Mama Redio hakucheka. Alikuwa karakana Jumapili ile, akadhani mzee ana hendeli nyingine. Alisikia nilivyoulizwa na nilivyojibu, tena mtu wa kusikia kama yeye hasahau. Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Akaniegemeza bega lake, akakaa hivyo kimya asubuhi nzima. Sijui kama amewahi kumpa mtu zawadi kubwa kuliko ile.

Spoki akaingia anakisukuma kile kinu cha kukanyaga. Alikuwa amekipangusa mpaka kinang'aa. Akakiweka mbele ya injini, pale hasa mzee alipozoea kusimama, kisha akaona alipokiweka, akakisogeza pembeni.

"Acha hapo hapo," mzee akasema.

Mwalimu alipanda wa kwanza.

"Kanyaga, mwalimu! Si ulikuwa unatukimbiza uwanjani sisi?" binti wa mwoka mikate akapiga kelele.

"Nilikuwa nawakimbiza, sikuwa nakimbia!" akajibu huku anahema.

Kinu kilikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayetafuna. Walipokezana. Mzee kipofu naye alikanyaga, miguu yake ina nguvu kuliko ya wote. Debe moja lilichukua muda ambao injini ingemaliza yote manane. Mume wangu alisimama kando, mkono mmoja juu ya injini baridi, amegeuza sikio lake zima upande wa kinu.

Unga wa kwanza ulipojaa kwenye beseni, wote walimgeukia. Ilikuwa kawaida yake. Hakuna unga uliotoka kwenye kibanda kile bila yeye kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kuutia ulimini. Ukiwa na chenga anaurudisha kwenye mashine, hata kama mteja ana haraka, hata kama mteja ni nani. Mahindi ya mama yangu mzazi aliyasaga mara tatu siku mama alipokuja kunitembelea mara ya kwanza baada ya ndoa, mama amekaa anangoja, amekasirika, na alipokwenda kuupika ule unga akaniambia umempata mume.

Akausugua. Niliziona chenga kutoka nilipokaa. Akautia ulimini, akafumba macho. Spoki alikuwa ameshika fremu ya kinu kwa mikono yote miwili, hapumui.

"Safi," mume wangu akasema. "Laini kabisa."

Yule kijana alicheka kwa sauti, akageuka akafuta uso kwa mkono wa shati. Watu wakaanza kusemezana kwa furaha, nani afuate, nani apumzike. Mzee akajifuta ulimi kwa leso, taratibu, akaikunja. Alipoinua uso alinikuta namtazama. Akatikisa kichwa kidogo tu, kuniambia nisiseme.

Sikusema. Nilichukua gunia la mwoka mikate, nikalifungua mdomo, nikaenda kulishika chini ya kinu. Mzee kipofu alianza kukanyaga, na chenga zikawa zinaniangukia kwenye viganja, kubwa kubwa, moja moja.